Tandiko la Mazoezi

Kesho yake baada ya ajali, tandiko lilirudi juu ya toroli la samadi. Watunza farasi wawili walilisukuma mpaka mlangoni mwa chumba cha matandiko cha klabu, wakaliinua kila mmoja kwa upande wake, wakalipandisha juu ya gogo alilolitumia Mama Sponji kusafishia. Siku nyingine wangemtania, wangemuuliza ameogesha ngozi ngapi kabla ya kujiogesha mwenyewe. Leo hata salamu iliwashinda. Waliondoka na toroli lao bila kugeuka.

Alibaki nalo peke yake. Upande wa kushoto ulikuwa umepakaa tope la uwanjani, na majani yalinasa kwenye kikuku cha kukanyagia. Hapakuwa na damu. Alikuwa ameitafuta huku hataki kuiona. Aliinua ubavu wa tandiko akachungulia chini, pale panaponing'inia mikanda miwili mifupi ya ngozi, ile inayoshikilia mkanda mpana wa tumbo ili tandiko lisizunguke mgongoni mwa farasi. Mmoja ulikuwa umekatika penye ufa. Wa pili uling'oka kwenye mshono, na uzi ukabaki unaning'inia.

Uzi ule aliujua. Ulikuwa uzi wa fundi viatu. Aliuomba kwa jirani yake, akashonea mkanda kwa mkono wake mwenyewe na sindano ya shazia, kisha akaupaka rangi nyeusi usitofautiane na ule wa zamani. Ilikuwa kazi safi. Mtu akiutazama juu juu angesema umetoka kiwandani.

"Bado hujaanza?"

Meneja alisimama mlangoni, funguo mkononi.

"Nilidhani liachwe hivihivi kwanza," Mama Sponji alisema. "Labda watakuja kuliangalia."

"Watakuja mchana. Ndiyo maana nakwambia anza." Akaingia, akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu hakuipenda harufu ya mle ndani, jasho la farasi na sabuni ya ngozi. "Unyoya yuko hai. Nimetoka kuongea na hospitali sasa hivi. Anazungumza."

"Na miguu?"

"Madaktari bado wanaangalia."

Unyoya alikuwa mume wa mdogo wake Mama Sponji. Jina lilimkaa kwa sababu ya wepesi wake. Watu walisema akipita karibu na feni hurushwa. Karakana ya mbao aliyokuwa akifanyia kazi ilipofungwa, ni Mama Sponji aliyekwenda kumwombea nafasi kwa meneja. Alianza kwa kuzoa samadi. Kisha wakagundua kwamba farasi wakorofi hutulia akiwa karibu, akapewa kazi ya kuwakimbiza asubuhi kabla ya wenyewe kufika, ili wenyewe wakipanda wakute mnyama ameshamaliza hasira zake. Matandiko ya wanachama yalitundikwa ndani ya kabati la vioo, kila moja na jina la mwenyewe. La mazoezi lilikuwa moja tu, kuukuu, limekaliwa na watu ambao hakuna aliyewakumbuka tena.

Mama Sponji alipouona ufa mara ya kwanza alikwenda ofisini kusema. Alisimama mlangoni maana viatu vyake vilikuwa vinavuja maji. Meneja alimsikiliza huku akiandika, akasema vifaa vipya vimeshaagizwa. Akarudi tena, akaambiwa vimeagizwa. Aliporudi kwa mara nyingine meneja akaweka kalamu chini.

"Mama, kamati inakuja kukagua. Sitaki waone kitu kimechakaa. Si una mikono mizuri wewe? Kitengeneze kipendeze."

Akakitengeneza kikapendeza.

Hapo angeweza kusema mzigo ni wa meneja, akalala. Lakini kulikuwa na jana asubuhi. Unyoya alikuja kuchukua tandiko kama kawaida, akalitupia mkononi, kisha akainua ubavu wake kwa kidole akatazama chini.

"Shemeji, huu umeshonwa?"

"Umeshonwa."

"Uko sawa lakini?"

Mama Sponji alikuwa ameshika lijamu, anakwangua mate na majani yaliyokaukia kwenye chuma. Nyuma ya Unyoya, uani, mwenye farasi alikuwa amewahi kufika siku hiyo, amesimama anatazama saa yake. Kama angesema hauko sawa, Unyoya asingepanda. Ana mdomo, angesema kwa sauti. Mwenye farasi angeuliza kwa nini, meneja angeuliza nani amesema. Yote hayo yalimpitia kwa muda wa kukamua sponji.

"Uko sawa," alisema.

Unyoya akacheka. "Ukisema wewe, basi yamekwisha."

Sasa meneja alikwenda kwenye kabati la chuma lililokuwa pembeni, ambalo siku zote Mama Sponji aliambiwa ndani mna vikombe vya mashindano ya zamani. Akalifungua. Vikombe vilikuwemo. Chini yake kulikuwa na mikanda mipya ya ngozi, imepangwa ndani ya mifuko ya nailoni, mingi kiasi cha kushona upya matandiko yote ya klabu. Akatoa miwili.

"Ilikuwepo?" Mama Sponji aliuliza.

"Hii ni ya wanachama, ya wakati wa mashindano." Aliiweka juu ya meza bila kumtazama. "Fungua hiyo mibovu, ufunge hii. Kisha ipake vumbi kidogo, isionekane mipya sana."

"Na wakiniuliza?"

Meneja alivuta ndoo, akaigeuza kifudifudi, akakaa juu yake. Hakuwa mtu wa kukaa juu ya ndoo. Sauti yake ikawa ya chini, karibu ya upole.

"Sikiliza. Ukisema mkanda ulikuwa mbovu, watu wa bima watatuambia hiyo ni shauri yenu, wataondoka. Hospitali italipwa na nani? Na wewe? Lakini kama kijana hakukaza mkanda wa tumbo vizuri, hiyo ni bahati mbaya tu ya kazini, na klabu itamsaidia. Mimi mwenyewe nimeajiriwa, mama, ni kama wewe. Nafikiria kwa ajili yake."

Mama Sponji aliivuta ile mikanda mipya karibu.

"Mama yako anaendeleaje?" meneja aliuliza akiinuka, akijikung'uta suruali. "Bado mnakaa naye kile chumba chetu cha nyuma?"

"Bado."

"Haya. Mpe salamu zangu."

Alifanya kazi. Aliondoa tope kwanza kwa kitambaa kikavu, akachovya sponji kwenye maji ya vuguvugu, akaikamua mpaka ikabaki na unyevu tu, maana ngozi ikinywa maji hukakamaa. Akaipitisha kwenye sabuni, akasugua kwa mizunguko midogo, kikalio, mbavu, mpaka chini. Akasafisha vikuku kwa mchanga laini. Akashona mikanda mipya palepale ilipokuwa ya zamani, akaipaka vumbi. Mishono ilikaa safi, na jambo hilo lilimuudhi. Alipomaliza, tandiko liling'aa kuliko siku yoyote aliyowahi kuliona. Meneja alikuja akaifunga ile mikanda iliyokatika ndani ya gazeti, akaondoka nayo kwapani kama mtu aliyenunua samaki.

Mtu wa bima alikuwa mpole, tena mchovu. Alipiga picha, akaivuta mikanda kwa nguvu zake zote, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

"Vifaa vyenu mnavitunza."

"Tunajitahidi," meneja alisema.

"Sasa tandiko lilizungukaje, mama? Wewe ndiye uliyemkabidhi."

Alimtazama meneja. Meneja alikuwa anatazama dirishani.

"Labda hakukaza vizuri," alisema. "Alikuwa na haraka."

"Ndiyo kawaida yake, haraka?"

Unyoya hakuwa mtu wa kukaza mkanda wa farasi mara moja tu. Hukaza, akamsemesha, akamngoja ashushe pumzi, ndipo akakaza tena. Jana alifanya hivyohivyo, mwenye farasi akiwa anatazama saa. Mama Sponji alimwona kupitia mlango ulio wazi.

"Wakati mwingine," alisema.

"Asante, mama," mtu wa bima alisema, akafunga kamera yake.

Saa za kuwaona wagonjwa zilikuwa zimebaki kidogo Mama Sponji alipofika wodini. Mdogo wake aliinuka akamwachia kiti cha pekee, akakaa ukingoni mwa kitanda, karibu na miguu ya mumewe iliyofunikwa shuka. Aliikalia shuka, pengine na kidole cha mguu ndani yake. Unyoya hakushtuka.

"Shemeji, karibu. Sina hata cha kukupa."

"Acha maneno. Unajisikiaje?"

"Juu huku najisikia. Huko chini nimeambiwa nisubiri." Alitabasamu, kisha akaacha. "Meneja amepita hapa. Anasema sikukaza. Nimelala nikiwaza, shemeji. Nakumbuka nilikaza. Lakini kichwa kikishagonga chini, utakiaminije? Labda nakumbuka ya juzi."

Mdogo wake alikuwa anamsugua mumewe mkono, polepole.

"Wewe ulikuwa palepale," Unyoya alisema. "Hukuniona nikikaza?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakoroma. Mhudumu alipita na ndoo na fagio la maji. Mama Sponji alimngoja apite, akamngoja mpaka alipofika mwisho wa wodi.

"Nilikuwa nimeinama," alisema. "Sikuona."

"Basi labda kweli." Unyoya alifumba macho. "Nimewaponza. Na wewe ndiye uliyeniombea ile kazi."

"Dada halaumu," mdogo wake alisema haraka. Akamgeukia, akamshika mkono kwa viganja vyote viwili. "Meneja kasema umemsemea vizuri kwa watu wa bima. Mungu akulipe, dada."

Bima walikataa. Uzembe wa mfanyakazi, walisema, hauna fidia. Meneja ndiye aliyekwenda kumweleza mke wa Unyoya, akamwambia pia kwamba wanachama wameguswa sana, na wamechangishana wapate kiti cha magurudumu. Chumba cha klabu walichokuwa wakiishi yeye na mumewe kilihitajika kwa mpanda farasi mpya, lakini wasifanye papara, wakae mpaka watakapopata pengine.

Mama Sponji alikwenda ofisini. Safari hii hakusimama mlangoni. Aliingia na viatu vyake vya maji, akaacha alama kwenye zulia.

"Ulisema atasaidiwa."

"Si anasaidiwa? Unajua bei ya kile kiti?"

"Nataka kuwaambia ukweli."

Meneja hakukasirika. Aliegemea kiti akamtazama kama mtu anayemngoja mtoto amalize kusoma.

"Ukweli upi, mama? Kwamba mkanda uliushona wewe, ukaupaka rangi? Au kwamba alikuuliza kama uko sawa, ukamwambia uko sawa?"

Mama Sponji alirudi hatua moja nyuma, akazikanyaga alama zake mwenyewe.

"Mwenye farasi alikuwa pale uani," meneja alisema. "Alisikia. Aliniambia siku ileile. Mimi nikamwomba anyamaze, kwa ajili yako. Sasa, ukitaka twende kwa mdogo wako, twende wote wawili. Utaanza wewe kusema, au nianze mimi?"

Alisimama pale mpaka simu ya mezani ilipolia na meneja akaipokea. Kisha akatoka. Chumbani mwa matandiko hatamu zilikuwa zinamngoja kwenye kulabu, akazishusha moja moja, akaanza kuzisugua. Alisugua hata zile alizozisafisha jana.

Kiti kilikabidhiwa siku ya mapumziko, kwenye majani mbele ya mabanda, wanachama wakiwa na familia zao. Kilifungwa utepe mwekundu. Watunza farasi wawili walimtoa Unyoya ndani ya gari wakamkalisha. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na mkewe mpaka likasimama lenyewe, na amekuwa mwepesi kupita jina lake. Mwenyekiti wa klabu alisema maneno juu ya udugu kati ya wanaopanda na wanaotunza. Meneja alipiga makofi kwanza, wengine wakafuata. Unyoya alishukuru. Aliomba radhi kwa usumbufu aliouleta, na kwa farasi, ambaye alisikia aliumia goti. Watu waliguswa. Mwanamke mmoja alivua miwani akajifuta.

Ilipofika wakati wa picha, miguu ya Unyoya haikutaka kukaa. Kila ilipowekwa juu ya vibao vya kiti iliteleza ikaanguka majanini, viatu vikatazamana. Mpiga picha alishusha kamera.

"Nani atamshikia?"

Mke wa Unyoya alikuwa amekwisha kupangwa kwenye mstari, katikati ya mwenyekiti na mkewe. Meneja alitazama huku na huku, macho yakamkuta Mama Sponji kule nyuma, penye mlango wa banda.

"Mama, njoo msaidie shemeji yako."

Alikuja. Alipiga magoti mbele ya kiti, akaiinua miguu mmoja baada ya mwingine, akaiweka juu ya vibao, akaishika vifundo. Ilikuwa ya baridi, mizito kuliko alivyodhani.

"Inama zaidi," mpiga picha alisema. "Kichwa kinaonekana. Lala kabisa, mama."

Akalala kifudifudi majanini, mikono mbele. Juu yake alisikia watu wakijipanga, wakivuta mashati, mtu akiambiwa atabasamu.

"Shemeji," Unyoya aliita taratibu, bila kutazama chini, kwa sababu alikuwa ameambiwa atazame kamera. "Umenishika?"

"Nimekushika," alisema, mdomo ukiwa kwenye majani.

"Maana mimi sijui. Usiniachie."

"Tulieni hivyohivyo," mpiga picha alisema. "Na wewe uliye chini, kaza."