Kesi ya Jino la Pengo

Jino lile halikung'olewa na mtu. Lilitoka kwa kicheko.

Pengo, msichana wa miaka saba, alikuwa kwenye kliniki ya watoto akisubiri sindano. Mbele yake alisimama mchumba wa shangazi yake, mwanafunzi wa udaktari wa watoto ambaye nyumbani walimwita Daktari Nusu. Utafiti wake ulikuwa kujua kama mtoto akichekeshwa, sindano humuuma kidogo. Basi akajibandika plasta puani, akalia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua. Pengo alicheka hadi jino lililokuwa likicheza kinywani likaruka, likatua kwenye mfuko wa koti la daktari. Alipoonyeshwa karatasi yenye nyuso, kuanzia anayecheka hadi anayelia, aonyeshe ameumia kiasi gani, alichagua uso unaocheka. Sindano hata hakuiona.

Daktari Nusu alilipeleka jino kwa Shangazi, aliyekuwa akisoma biolojia na kutafiti seli shina, zile seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini mwilini. Ndani ya jino la utoto zimo.

"Mwanangu, nikutunzie jino lako?" Shangazi aliuliza.

"Nitunzie," Pengo akajibu.

Siku baba yake alipompeleka maabara kulitazama, Shangazi alimwonyesha chupa bapa yenye maji ya rangi ya waridi.

"Jino liko wapi?"

"Ndilo hili, mama. Nililivunja, nikatoa seli, nikazikuza."

"Umelivunja?"

Pengo hakulia. Alitoka nje, akaazima simu ya baba yake, akampigia baba yake mdogo, anayesoma sheria ya jinai.

"Ba'mdogo, wewe ni wakili?"

"Karibu nitakuwa."

"Shangazi ni mwizi."

Ba'mdogo alikuwa amekwama. Wenzake wote walishapata mada za utafiti, mauaji yakagombaniwa kama vitumbua vya moto, na yeye kubaki mikono mitupu. Sasa riziki imemfuata mlangoni. Jioni alimpelekea dada yake hati ya kumwita mahakamani.

"Nimekubeba mgongoni wewe!" Shangazi akafoka.

"Utayasema hayo kwenye utetezi, dada. Haki haina shangazi."

Mahakama yenyewe ilikuwa ya mazoezi, chini ya mwalimu wao, jaji mstaafu. Mzee huyo alikuwa amechoka kuhukumu wizi wa baiskeli za kubuni, na kesi hii aliipokea kama mgonjwa aliyerudishiwa hamu ya kula. Akaamuru kielelezo kiletwe.

"Mheshimiwa, seli zikitoka kwenye kabati la joto zitakufa," alisema Shangazi.

"Basi mahakama itakifuata kielelezo."

Ndivyo mahakama ilivyoketi maabara, ingawa viti havikuwepo. Jaji alivaa joho, juu ya joho koti jeupe, kichwani kofia ya plastiki, miguuni mifuko ya plastiki. Feni ya kabati ilinguruma, ikabidi kila mtu atoe ushahidi kwa kupiga kelele.

"Shahidi una uhusiano gani na mshtakiwa?" Ba'mdogo alimuuliza Daktari Nusu.

"NAMPENDA!"

"Naomba liandikwe, Mheshimiwa."

Kisha akamgeukia tena shahidi. "Na katika utafiti wako, mtoto akiambiwa 'nikutunzie', anaelewa nini?"

Daktari Nusu alimtazama mchumba wake, akaitazama sayansi, akachagua vibaya. "Anaelewa kitu kitawekwa mahali, akirudi akikute vilevile."

Shangazi alimkata jicho ambalo lingetosha kuua bakteria.

Jaji akamuuliza Shangazi, "Yaliibwa meno mangapi?"

"Jino moja."

"Na sasa zipo seli ngapi?"

"Mamilioni, Mheshimiwa."

"Ng'ombe wa wizi akizaa, ndama ni wa nani?"

"Wa mwenye ng'ombe," akajibu Ba'mdogo.

Wote wakageuka kumtazama Pengo, aliyesimama juu ya stuli, kama mtu aliyejifungua sasa hivi na hakuna aliyeleta hata kanga. Jaji akaamuru akabidhiwe mali yake. Shangazi akakumbusha kwamba seli hata getini hazitafika zikiwa hai. Jaji akajikuna juu ya plastiki. Zikirudishwa, zinakufa, zisiporudishwa, wizi unaendelea.

"Mheshimiwa," Ba'mdogo akadakia, macho yakimng'aa, "naomba kuongeza shtaka la mauaji."

"Hakuna aliyekufa!" Shangazi akapaza sauti.

"Nasubiri."

"Nataka kuziona," Pengo akasema.

Shangazi akaiweka chupa chini ya hadubini, akamshusha shingo taratibu hadi jicho likakaa sawa. Wakubwa wakarudi kubishana. Pengo alitazama kwa muda mrefu bila kutikisika, kisha akapiga kelele kuishinda feni.

"Huyu anakatika katikati! Anaumia?"

Daktari Nusu, bila kufikiri, akatoa ile karatasi ya nyuso akaielekeza kwenye hadubini. Akashtuka, akairudisha mfukoni.

"Haumii, mwanangu," Shangazi alisema, sauti imelainika. "Anakuwa wawili, basi."

Pengo akafikiri. "Mheshimiwa, nafuta kesi. Lakini hawa wasiambiwe kwamba waliibwa."

Jaji, aliyehukumu watu wazima maisha yake yote, alivua kofia ya plastiki na kuamuru mshtakiwa azilee seli kwa niaba ya mwenyewe, na kila aliyekuwepo aape kutunza siri mbele ya kabati. Waliapa, mmoja mmoja, kwa kunong'ona.

Ba'mdogo alipata alama za chini, kwa sababu utafiti wake haukuwa na kosa wala maiti. Daktari Nusu alinuniwa hadi alipojitolea kubadilisha maji ya zile seli kila zamu ya wikendi, huku akizilialia kama mbuzi.

Na shuleni, siku watoto walipoambiwa wachore familia zao, Pengo aliomba karatasi ya pili, ya tatu, akaishia kuomba ukuta. Baba yake akaitwa.

"Mzazi," mwalimu akaanza kwa upole, "mtoto anasema una wajukuu mamilioni, na wanaishi kabatini."

Baba akavuta kiti, akaketi, akapangusa uso.

"Mwalimu," akasema, "hayo ni mambo ya upande wa dada yangu."