Kibao Juu ya Kisiki

Mtunza hifadhi alipofika asubuhi alikuta kibao kipya kinang'aa: HAPA TUNAMLINDA NZI WA MAUA. Nguzo yake ilikuwa imesimikwa katikati ya kisiki cha msonobari kilichooza. Akamgeukia fundi aliyekuwa akikusanya vifaa kando yake.

"Nani kasimika hii nguzo?"

"Sisi," fundi akajibu huku akijifuta saruji mikononi. "Bosi alitaka wageni wakione. Bahati nzuri tukakuta shimo tayari, limejaa maji machafu na unga wa mbao. Tukalisafisha, tukamimina zege."

"Shimo hilo nililitoboa mimi! Kwenye uchafu huo ndimo watoto wa nzi huyo wanamokulia. Nchi nzima walikuwa wamebaki humo tu!"

"Dada, punguza jazba. Si nzi tu?"

Kabla hajamjibu, bosi akatokea na wageni wake, meno yote nje. "Kibao kimependeza, eh? Haya, tuonyeshe nzi wenyewe."

Nzi mmoja jike alikuwa akielea juu ya zege, anaizunguka nguzo, anatua, anaruka, anarudi palepale.

"Huyo hapo," mtunza akasema. "Anatafuta pa kutagia mayai. Msomee kibao chako."