Kichwa cha Joka Hakigusi Ardhi

Baba alifariki siku ya tisa ya mwaka wa Joka, mchana, mbele ya duka la vitambaa la akina Lin. Wengi waliokuwa barabarani walidhani amekaa kupumzika. Naandika haya kwa sababu mama hataki yasemwe, nami nisipoyaandika nitaanza kuyakumbuka vile ninavyopenda.

Tunaishi Prato, Italia. Wazazi wangu walitoka Wenzhou, China, nikiwa na miaka mitatu, na tangu hapo wameshona makoti ya wanawake katika kiwanda chenye cherehani tisa, nyuma ya barabara ya Pistoiese. Mimi nilisoma hapa hadi kumaliza sekondari. Kwa hiyo mjomba Bolin, mdogo wake mama, alipochaguliwa kuwa katibu wa chama chetu, alinifanya mkalimani bila kuniuliza. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi chama humwalika mtu aje kutueleza jambo: kodi, chanjo, kuandikisha watoto shule. Mgeni husema Kiitaliano, nami huyageuza maneno yake.

Watu walinisifu kwa kitu kimoja. Mwaka jana afisa mmoja alikuja kutufokea juu ya takataka. Alisema dakika kumi, uso umemwiva, akigonga meza kwa kidole. Alipokaa, nikasimama na kusema, "Anasema sisi ni watu wa bidii, ila plastiki tuitie kwenye mfuko wake."

Ukumbi ukacheka. Mzee Jin, mwenye duka la chai, akauliza, "Dakika kumi zote hizo, plastiki tu?"

"Kiitaliano ni kirefu, mzee."

"Huyu Suqin ana sukari mdomoni. Atakayemwoa hatajua hata siku anayotukanwa."

Baba alikuwa safu ya mbele. Aligeuka kutazama nani na nani wanacheka, kisha akanyoosha shati lake. Nilipenda kumwona hivyo. Tangu siku ile kila neno kali lililopita mdomoni mwangu lilitoka limelainishwa, na hakuna aliyelalamika.

Jumapili ya tarehe nne Februari, siku tano kabla ya mkesha wa mwaka mpya, mgeni alikuwa Daktari Bandini, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alikuja na mashine ya kupiga picha za tumbo. Mjomba, akiogopa viti vitupu, alikuwa ametangaza kwamba kila aliyepita miaka hamsini na mitano akipimwa atapewa chupa ya mafuta ya kupikia. Baba alikuja kwa ajili ya mafuta, na hakuficha.

Alikuwa anatimiza miaka sitini. Alizaliwa mwaka wa Joka, na mwaka uliokuwa unaingia ulikuwa wa Joka. Kwetu mwaka wako ukikurudia, kila baada ya miaka kumi na miwili, si wa kujivunia. Ni mwaka wa kupita kwa kunyata. Mama alikuwa amekwisha kumnunulia mkanda mwekundu na soksi nyekundu za kumkinga. Baba alilala juu ya meza nyuma ya pazia, tumbo wazi, mkanda ule mpya kiunoni.

Daktari alipitisha kifaa chake huku akitabasamu. Akakipitisha tena mahali pale pale, na safari hii hakutabasamu. Akapima kwenye kioo cha mashine, akafuta, akapima upya. Kisha akanitazama mimi badala ya kumtazama baba.

Alisema polepole. Mshipa mkubwa wa damu tumboni umevimba, umefika karibu sentimita saba. Ukipasuka hakuna muda wa kufanya lolote. Aende hospitali leo hii, asingoje hata wiki. Asinyanyue kitu kizito. "Mwambie yote," akasema. "Neno kwa neno."

Baba alikuwa anatazama dari. "Anasemaje?"

Kwetu mgonjwa hatangulii kujua. Familia hujua kwanza, ikakaa, ikaamua mgonjwa aambiwe kiasi gani na lini. Bibi yangu alikufa kwa uvimbe wa ini akiamini ni gesi, na kijiji kizima kilisema wanawe walimtunza vizuri.

"Anasema una mshipa wa mtu mwenye nguvu," nikamwambia. "Mkubwa. Upunguze chumvi tu."

Baba akacheka mpaka tumbo likatikisika, na daktari akamwekea mkono begani upesi ili atulie.

"Mwambie mshipa huo umekula mboga za chumvi miaka sitini."

Nikamgeukia daktari. "Anakushukuru. Anasema atakuja."

Alimtazama baba aliyekuwa bado anacheka, kisha akanitazama mimi. "Ameelewa?"

"Ameelewa."

Aliandika barua, akaitia mkononi mwangu na kunifumba vidole juu yake. Baba alivaa shati, akaenda kupanga foleni ya mafuta.

Mama nilimwambia alasiri ile kiwandani. Hakusimamisha cherehani mpaka alipomaliza mkono wa koti.

"Watamkata?"

"Ndiyo."

"Atalala huko siku ngapi?"

"Kumi. Labda zaidi."

"Yaani mwaka umkute kitandani hospitalini. Mwaka wake mwenyewe." Alikata uzi kwa meno. "Anayeuanza mwaka kwa dawa huumaliza kwa dawa. Hilo unalijua."

"Mama, daktari kasema leo."

"Daktari hajalala naye nyumba moja miaka thelathini. Tukishawasha taa za siku ya kumi na tano, sherehe za mwaka zikaisha, utampeleka. Nitamshika mkono mimi mwenyewe. Mpaka hapo, hilo neno lisitoke."

Familia nyingine hungoja mpaka siku ya tano tu ndipo ziende kwa daktari. Mama alihesabu kumi na tano, akanihesabia kwa vidole kama mtoto. Nikapiga simu hospitali, nikaomba nafasi ya Jumatatu ya tarehe ishirini na sita. Daktari Bandini alinipigia mara mbili kuuliza baba yuko wapi. Mara ya pili nilimwambia amekwenda Milano kwenye msiba. Neno lilishanitoka ndipo nikalisikia.

Siku zile niliishi nikimtazama baba. Akikohoa, nilisimama. Akiinama kuchukua robota la kitambaa, nilikuwa nimefika kabla yake.

"Wewe vipi?" aliniuliza. "Umeanza kunihesabia nguvu?"

"Nafanya mazoezi, baba."

"Basi kafanye na lile kubwa kule. Hili niachie."

Mama alipika tambi za mchele bila chumvi, baba akazipeleka jikoni mwenyewe na kuzitia chumvi, na mimi na mama tukatazama sahani zetu.

Kilichotutisha zaidi kilikuwa siku ya tisa. Siku hiyo joka la chama, la kitambaa linalobebwa juu ya miti, hupita barabarani, likisimama kwenye kila mlango wa duka ili kuubariki, na kwa miaka kumi na mmoja aliyebeba kichwa alikuwa baba. Kichwa kile kina uzito wa kilo kumi na nne, juu ya mti mrefu kuliko mtu. Asiyekijua hudhani ni karatasi.

Mjomba, ambaye mama alikuwa amemwambia, alikuja siku ya kwanza ya mwaka na mfuko wa machungwa.

"Shemeji, mwaka huu kichwa tumpe Xu Weiming. Yule dereva wa lori. Wewe shika lulu." Lulu ni mpira mwekundu juu ya fimbo nyepesi, joka huufuata.

Baba alimenya chungwa lote kabla ya kujibu. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Lulu inataka mtu anayeijua njia."

"Barabara ni moja, imenyooka. Hata mlevi anaijua."

Mama akaingilia. "Ni mwaka wako. Joka halibebi joka. Acha ubishi siku ya kwanza."

Alikubali kwa sababu siku ya kwanza watu hawagombani. Lakini mkate wa mchele aliowekewa hakuugusa, na kwa muda alikaa akitazama viganja vyake. Nusura nimwambie pale pale. Mama aliniona nikifungua mdomo, akanipa sahani nizipeleke jikoni.

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili, baridi, bila jua. Mimi nilipewa kipaza sauti niwaeleze Waitaliano waliojipanga kandokando joka linafanya nini. Baba alitangulia na lulu yake, akiizungusha polepole, na nilipoona ilivyo nyepesi mikononi mwake nikapumua. Barua ya daktari ilikuwa mkobani mwangu. Nilikuwa nimetembea nayo tangu siku ile, sijui kwa nini. Kuiacha nyumbani niliogopa, kuisoma niliogopa.

Xu alibeba vizuri maduka manne ya kwanza, tena kwa mbwembwe, akikirusha kichwa juu kuliko ilivyohitajika ili wasichana waone. Mzee Jin alimwambia, "Usitumalizie nguvu zote hapa, kijana, kuna maduka ishirini." Xu alicheka. Tulipofika kwa akina Lin, walikuwa wamefunga fataki mlango mzima. Zilipolipuka, moshi ukaijaza barabara, na Xu, mikono tayari imechoka, akaanza kukohoa. Nikaona kichwa kikishuka. Kikafika kifuani, kikafika magotini.

Kichwa cha joka hakigusi ardhi. Kikigusa, mtaa mzima utaubeba mkosi huo mpaka mwaka uishe. Wanawake waliguna wote kwa pamoja. Baba akamtupia mtu wa nyuma lulu, akaruka, akaudaka mti.

Mjomba alikimbia kutoka upande wa pili. "Shemeji, achia."

"Kamshike Xu, anaanguka."

"Achia, nakwambia. Tumbo lako."

"Tumbo langu lina nini?" Baba alikuwa amekwisha kukinyanyua mpaka begani. Alisema kwa sauti ili wote wasikie, kwani siku nane nzima alikuwa na fundo moyoni. "Suqin alimsikia daktari kwa masikio yake. Nina mshipa wa mtu mwenye nguvu."

"Mshipa wa chumvi huo," akasema mzee Jin, na watu wakacheka.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Ningesema neno moja, barabara yote ingelisikia. Nilimtafuta mama, nikamwona mbele ya dirisha la duka, mkono umeziba mdomo. Nikasema, "Baba, weka chini."

Sauti ilitoka kubwa, ikarudi kutoka kwenye kuta. Watu waliacha kucheka. Baba alinitazama kama mtu aliyetukanwa na mwanawe hadharani.

"Chini?" akasema. "Hiki?"

Kisha akakiinua. Mlango hubarikiwa kwa kuinuliwa mara tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili nzuri zaidi. Ya tatu alikishikilia juu muda mrefu kidogo, ngoma zikamngoja. Akakishusha, akamkabidhi mjomba mti ule mkono kwa mkono, taratibu, bila kugusa chini. Akaenda kukaa kwenye ngazi ya duka na kujishika nyuma.

"Mgongo," akaniambia nilipofika. "Nipe maji ya moto nitakuwa sawa."

Uso wake ulikuwa mweupe kama unga wa mchele.

Gari la wagonjwa lilikuwa pembeni kwa ajili ya maandamano, lilifika kwa muda mfupi. Walimlaza juu ya machela. Mhudumu akauliza kama ana ugonjwa wowote unaojulikana. Mama, amesimama nyuma yake, alinitikisia kichwa nisiseme. Hata wakati ule.

Nilijibu. Mshipa wa tumboni, karibu sentimita saba, umeonekana tarehe nne, daktari alisema asinyanyue kitu. Nilisema kila kitu neno kwa neno, nikampa na barua. Mhudumu aliisoma mstari wa kwanza, akamwita mwenzake, na wote wawili wakaanza kufanya haraka.

Baba alinivuta mkono wa koti. "Umemwambia nini? Umesema maneno mengi."

"Kiitaliano ni kirefu, baba."

Alijaribu kucheka. "Na yeye? Anasemaje?"

"Anasema twende hospitali. Leo hii."

Yalikuwa maneno ya Daktari Bandini, yamemfikia baada ya siku kumi na nne.

Baba aliyafikiria kidogo. Mkanda mwekundu ulionekana chini ya koti lake, na nyuma yetu ngoma zilikuwa zimeanza tena, kwa sababu mlango uliofuata ulikuwa unangoja.

"Kabla ya siku ya taa?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Mama yako atakasirika," akasema, akafumba macho. Gari lilikuwa bado halijafungwa mlango.