Bibi Dirisha na Chupa ya Siku Arobaini

Hili hutaliamini, lakini weka chai yako chini kwanza usije ukajimwagia. Kuna msichana aliingiza mkono tumboni mwa ng'ombe mzima, saa nane mchana kweupe, akawaona bakteria walioko ndani kama unavyokiona kidole chako!

Kazini walimwita Matone, maana kazi yake maabarani ilikuwa kulea chupa moja kwa matone. Humo mlikuwa na bakteria waliotolewa tumboni mwa ng'ombe. Mashine iliwadondoshea ile asidi kali inayowaunguza ng'ombe waliovimbiwa nafaka, tone, tone, tone, mpaka wakazoea kuila. Siku arobaini! Shangazi yake, mlishaji wa zizi la nyuma ya maabara, hakuacha kumcheka.

"Wenzio wanalea watoto, wewe unalea supu."

"Supu hii ndiyo ajira yangu, Shangazi."

Na kweli. Profesa alishasema: Ijumaa saa tisa chupa iwe hai mezani, na barua ya ajira ya kudumu ni yako. Hamna chupa, hamna barua.

Bakteria wenyewe walitoka kwa Bibi Dirisha, ng'ombe mwekundu mwenye tundu ubavuni, limezibwa kwa mfuniko wa mpira ili watu wa maabara wachote bila kumuumiza. Yeye kazi yake kucheua tu, macho yamelegea, kama bibi anayesikiliza umbea asiotaka kuujibu.

Alhamisi siku ya arobaini ilipotimia, Matone akaona furaha imemzidi peke yake. Akachota beseni zima la unga wa mahindi, akampelekea ng'ombe aliyezoea nyasi kavu. "Kula, bibi, leo ni leo!" Yeye huyo anayehesabu matone kutwa, akamimina karamu yote kwa mpigo.

Ijumaa mchana Bibi Dirisha alikuwa chini. Hacheui. Tumbo limetuna kama ngoma. Daktari wa mifugo alikuwa mbali. Akasema kwa simu tumbo likombwe, halafu waombe Mungu.

"Nani kampa unga?" Shangazi akauliza.

Matone akatazama viatu vyake. "Mimi."

"Ee! Mpishi wa maharusi!"

Matone akafungua mfuniko, akazamisha mkono mpaka begani. Joto. Harufu ya maziwa yaliyolala. Akakomba ndoo ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu kope zikawa nzito, mwanga wa zizini ukageuka rangi ya asali, na akawaona.

Walikuwa wengi kuliko mchanga. Kila mmoja alikuwa na mafundi wawili ndani yake, vimeng'enya viwili. Sukari ikija kidogo kidogo, anaitwa fundi mpole, na kazi yake inatoa asidi laini inayomlisha ng'ombe. Sukari ikimwagika kama mafuriko, fundi mpole anaambiwa kalale, anaitwa wa pupa. Huyo anamaliza haraka, ila anamwaga uchachu mkali, ile ile asidi inayounguza. Na mpole hawezi uchachu. Kila unavyopanda ndivyo anavyozidi kusinzia, na wa pupa anabaki na karakana peke yake.

"Mbona mnamuua?" Matone akawauliza.

"Sisi tumejibu tulichopewa, dada," wakasema wote, taratibu, kama mvua ya mbali.

"Sasa nani atakula uchachu huu?"

Wakageuka pamoja, wakatazama upande wa maabara.

"Wee Matone! Umelala na mkono ndani ya ng'ombe?" Shangazi akamtikisa bega.

Akazinduka, akakimbia. Akarudi ameikumbatia chupa, ina joto kama yai lililotoka chini ya kuku. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Mwanangu, hiyo ndiyo barua yako," Shangazi akasema, safari hii hacheki. "Basi bakiza nusu."

"Nusu haitamtosha."

Akamimina yote tunduni. Akarudisha mfuniko, akakaa kwenye majani akiegemea ubavu ule. Nzi wakaimba. Mwanga ukasogea polepole ukutani. Kisha sikio moja likacheza, na Bibi Dirisha akatoa mbweu mrefu ajabu!

Profesa alikuwa ameshafika mlangoni, bahasha mkononi.

"Chupa iko wapi?"

"Imo humo, Profesa. Na unga nilimpa mimi."

Profesa akainama, akaweka sikio tumboni, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akairudisha bahasha mfukoni, akaondoka.

Shangazi akamfuta mpwa wake uso kwa pindo la kanga? La, kwa mkono wenye majani. "Haya. Supu imerudi chunguni."

Nyuma yao taya likaanza kusaga, kwanza kwa kusitasita, halafu kwa raha zake. Matone akafumba macho, akisikiliza.

Sasa wewe: chupa iko mkononi, ng'ombe yuko miguuni, saa inakimbia. Ungemimina?