Mwaka wa "Tuko Pamoja"

Sherehe ilikuwa wazo la Kaka. Mabasi yalikuwa na wiki mbili tangu yarudi barabarani, ndege zimeanza tena kunguruma juu ya mapaa, naye akaona ni vyema familia ikutane nyumbani kwa Mzee kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, "tukae tuangalie tulikotoka." Maneno hayo aliyasema kwenye simu. Dada yake alimsikiliza simu ikiwa imebanwa begani na mikono imeshika beseni la maji ya sabuni. Hakuuliza huko walikotoka ni wapi. Yeye alikuwa hajatoka popote.

Huyu dada alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kwa miaka kumi na tisa alikalia benchi moja katika karakana ya daktari wa meno, kwenye jiji lililo mbali na kwao, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Alimwaga plasta, alichonga nta, alipanga meno moja moja mpaka mtu aliyeingia na mdomo mtupu atoke anacheka na kila anayekutana naye. Wenzake walimwita Bi Meno, na jina likamganda. Hata nyumbani walilitumia, isipokuwa baba yao, Mzee, ambaye alimwita "mama" akitaka kitu na "wewe" akishakipata.

Alikuja kwa siku tatu. Mzee alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga, na hospitali ilikuwa inamruhusu kurudi nyumbani. Kaka, kifungua mimba wa nyumba hiyo na mwenye biashara ya pampu za maji huko huko jijini, alisema ameshapata mtu wa kumhudumia, ila mtu huyo ataanza Jumatatu. Je, Bi Meno angeweza kushikilia hapo katikati? Bi Meno akaomba ruhusa kazini, akafungasha magauni mawili na kandambili, akapanda basi. Jumapili redio ikatangaza kwamba kwa sababu ya ule ugonjwa hakuna tena kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Mabasi yakaegeshwa. Mtu wa Jumatatu hakuonekana, na mpaka leo hajaonekana.

Mzee alikuwa mpima ardhi mstaafu. Nyonga ilipomlaza kitandani hakuacha kupima, alibadilisha tu cha kupima. Alipima mto ulivyopinda. Alipima chai ilivyochelewa. "Dakika saba," alisema, saa ikiwa mkononi, kama anayeandika ripoti. Bi Meno alijifunza kumgeuza, kumkalisha, kumsimamisha, na kumwogesha. Hakuna aliyewahi kumfundisha mtu anayemwogesha baba yake mzazi aangalie wapi. Wiki ya kwanza Mzee alifumba macho, naye akaangalia ukuta. Wiki ya nne wakaanza kugombana juu ya joto la maji, na hapo kazi ikawa nyepesi kidogo.

Mara tatu alikwenda ofisi ya wilaya kuomba kibali cha kusafiri. Mara ya tatu karani alisoma fomu yake akatabasamu. "Mama, unataka kwenda kutengeneza meno? Watu wote wamefunika midomo, hayo meno ataonyeshwa nani?" Waliokuwa kwenye foleni nyuma yake wakaangua kicheko. Alirudi nyumbani akafua mashuka matatu yaliyokuwa safi.

Kila Jumapili mchana Kaka alipiga simu ya picha. Aliulizia dawa, akamsalimia Mzee, akamwambia dada yake ajipe moyo. Na kila mara alimaliza kwa maneno yale yale: "Tuko pamoja, mdogo wangu. Tuko pamoja." Katika mwezi wa tatu Bi Meno alimbana.

"Kaka, binti yangu kule jijini anakaribia kujifungua. Ni uzazi wake wa kwanza na mume wake hajui hata kuchemsha maji. Wewe ni mfanyabiashara, huwezi kupata kibali uje ukae na baba wiki mbili tu?"

"Kibali?" Kaka alipiga kidevu chake kwa kiganja. "Mdogo wangu, ningekuwa na kibali ungeamka asubuhi ukanikuta mlangoni. Mimi mwenyewe nimefungiwa kama kuku bandani. Hata hapo getini sitoki."

Bi Meno akamwamini. Mjukuu akazaliwa mwezi wa nne, bibi yake akamwona kwenye kioo cha simu, mtandao ukakwama, na uso wa mtoto ukaganda mdomo wazi kwa dakika nzima huku sauti ya mama yake ikiita, "Mama unanisikia? Mama?" Mwezi wa sita daktari wa meno akapiga simu kwa upole mwingi kumweleza kwamba amesubiri sana, na kwamba benchi sasa lina mtu mwingine.

Alikasirika mwaka huo, tena sana. Aliukasirikia ugonjwa, akamkasirikia karani, akamkasirikia jogoo wa jirani ambaye hakuwa na kosa lolote. Kaka tu ndiye hakumkasirikia. Alimwona mfungwa mwenzake, wa jela ile ile, ila chumba kingine.

Siku ya sherehe Kaka alifika mchana, amevaa koti, kwa gari la kazini lililoendeshwa na dereva wake. Shangazi alikuja, majirani wakaja, viti vikaazimwa. Bi Meno alikuwa amesimama jikoni tangu alfajiri. Alipotoka uani kumwaga maji alimkuta dereva ameinama juu ya kioo cha mbele, anakwangua kitu kwa kisu cha mezani.

"Shikamoo mama. Ningeomba maji ya moto kidogo, hii gundi ni balaa."

"Marahaba. Unabandua nini?"

"Vibali, mama. Kila mwezi walibandika kipya juu ya cha zamani. Ona, imekuwa kama kitabu." Alimwonyesha bonge la karatasi, tabaka juu ya tabaka, kila moja na muhuri wake.

Bi Meno aliweka ndoo chini. "Vibali vya kwenda wapi?"

"Si huku huku? Kule mbele kwenye mashamba makubwa. Pampu zilihesabiwa huduma muhimu, sisi hatukusimama hata mwezi mmoja." Kijana wa watu alikuwa mchangamfu, amefurahi kupata wa kuongea naye. "Mafuta tulikuwa tunajaza hapo njia panda. Bosi akishakunywa chai yake ananionyesha paa lenu, hili la bluu. Anasema, pale ndipo nilipozaliwa. Mimi nikadhani nyumba haina watu siku hizi."

Kutoka njia panda mpaka mlango wa Mzee ni dakika kumi kwa mguu.

"Mlipita mara ngapi?"

Dereva akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika mkono wa pili, ndipo akamtazama usoni na vidole vikasimama hewani. "Mama, nimesema vibaya?"

"Hapana, mwanangu. Wewe ndiye umesema vizuri kuliko wote."

Akampelekea maji ya moto. Kisha akarudi jikoni, akapanga vikombe kwenye sinia kimoja kimoja, kama anavyopanga meno.

Alipoingia na sinia Kaka alikuwa ameshasimama kuhutubia. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mto mgongoni, saa mkononi.

"Mwaka huu umetupima," Kaka alikuwa anasema. "Tulifungiwa. Tulitenganishwa. Lakini mioyo yetu haikufungiwa, tulikuwa pamoja." Majirani wakapiga makofi. "Na nimshukuru mdogo wangu hapa, aliyebahatika kuwa karibu na Mzee wakati sisi wengine tuliumia kwa mbali."

Lile neno "aliyebahatika" lilimpanda Bi Meno kutoka miguuni. Aliweka sinia mezani.

"Kaka, chai ya pale kituo cha mafuta ni nzuri?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa ndugu. Kaka hakucheka.

"Mdogo wangu, tutaongea baadaye."

"Baadaye ipi? Mimi nimeishi kwenye baadaye mwaka mzima. Tuongee sasa, shangazi yupo, majirani wapo. Umepita hapo njia panda kila mwezi. Ukanywa chai, ukaonyesha watu paa, ukaondoka. Na Jumapili unanipigia simu kwamba umefungiwa kama kuku."

"Nilikuwa kazini! Na ugonjwa ule, ningeingia humu nikamwambukiza Mzee, leo ungesemaje? Nilikuwa namlinda."

"Basi usingeingia. Ungesimama barabarani ukapiga honi, ungenipakia nyuma na pampu zako ukanishusha kwa binti yangu. Au ungeniambia tu ukweli, nijue niko peke yangu. Mwaka mzima najua tuko wawili, kumbe niko peke yangu!"

Shangazi alijaribu kusema kitu kuhusu wageni. Hakuna aliyemsikia, maana Kaka, kwa kubanwa, alikuwa ameshanyoosha kidole kwenye kiti chenye mto.

"Mbona mimi tu? Mzee mwenyewe alijua! Muulize!"

Mzee aliangalia saa yake, lakini safari hii hapakuwa na cha kupima.

"Baba?" alisema Bi Meno.

"Alinipigia," Mzee akasema. "Mwanzoni kabisa. Akaniambia ana kibali ila hana nafasi ya kukaa. Nikamwambia apite tu, usipate mawazo."

"Nisipate mawazo?"

"Angesimama hapa, wewe ungeondoka. Naye angeniletea mtu baki anivue nguo." Sauti ilimpungua. "Wewe nilishakuzoea, mama."

Bi Meno alilitazama sinia. Aliona wazi kabisa vile ambavyo lingeruka, vikombe na yote, likaishia ukutani juu ya kichwa cha Kaka. Kilichomzuia ni kwamba angekuja kuokota vipande yeye. Hilo nalo likamwongezea hasira.

"Vua koti," akamwambia Kaka.

"Nini?"

"Vua koti uje huku. Ni saa yake ya kutembea. Hapana, usimvute mikono, utamchomoa bega. Piga goti. Goti, Kaka! Mkono mmoja nyuma ya kiuno, mwingine hapa. Baba, usimsaidie."

Kaka akapiga goti mbele ya majirani, na suruali yake nzuri. Mara ya kwanza Mzee aliguna kwa maumivu akarudi kitini. Bi Meno alihisi mikono yake mwenyewe inataka kwenda, akaifumbata kifuani. Mara ya pili wakasimama, baba na mwana, wamekumbatiana kama walevi wawili, wanahema. Akawaongoza hivyo hivyo mpaka chumbani. Akamwonyesha Kaka dawa ya asubuhi na ya mchana, mafuta ya kukanda, beseni, mpira wa kutandika chini ya shuka. Alieleza kila kitu mara moja tu, kwa sauti kavu, kama anavyofundisha mwanagenzi ambaye hampendi. Kisha akaenda kuchukua begi lake.

Kaka alimfuata hadi uani. "Huwezi kufanya hivi. Nina mzigo wa kupeleka Jumatatu!"

"Jumatatu? Mtafute yule mtu wako wa Jumatatu."

Hakumuaga Mzee. Alitaka, akafika mpaka kwenye pazia la chumba, akamsikia kule ndani anaulalamikia mto, akageuka. Njia panda alifika kwa dakika nane, maana hasira ina miguu mirefu, na basi la alasiri akalipata likiwa tayari linaunguruma.

Hakuna kilichomsubiri huko kama alivyokiota. Binti yake alimkumbatia mlangoni wakalia wote wawili, lakini mjukuu, aliyekuwa na miezi minane, alimtazama mara moja akapiga ukelele na kujificha shingoni kwa mama yake. Ilichukua siku nne akubali kubebwa. Siku hizo nne Bi Meno alimchukia kaka yake kwa namna ambayo hakujua kwamba anaiweza. Kazi alipata katika karakana nyingine, ndogo, isiyo na dirisha, pembeni ya fundi mwenye nusu ya umri wake aliyemwonyesha plasta inavyochanganywa.

Kaka alipiga simu mara tano siku ya kwanza. Bi Meno alipokea mbili, zilizohusu dawa. Kaka alidumu siku kumi na moja, kisha akaajiri muuguzi, mwanamume wa makamo, mtaratibu, mjuzi wa kazi yake. Aliyekuwa anashindikana kupatikana mwaka mzima alipatikana kwa siku moja.

Mzee alipiga wiki ya tatu.

"Huyu muuguzi maji yake ni ya baridi."

"Mwambie ayapashe."

"Nimemwambia. Mama, ningekuambia ukweli ungeondoka."

"Ningeondoka, baba. Ningemwona mjukuu wangu akizaliwa, kisha ningerudi kwako. Hukuniuliza tu."

Alisikia pumzi yake upande wa pili, ndefu, kama mtu anayetafuta pa kukanyaga. Alimsubiri aseme neno alilopaswa kulisema. Mzee akaulizia hali ya hewa huko, naye akamjibu kwamba kuna joto, wakaagana.

Alikwenda kumwona miezi minne baadaye. Alifikia nyumba ya wageni karibu na stendi, akalipia chumba kwa siku mbili, na kila asubuhi alitembea mpaka kwa baba yake kama mgeni, akagonga mlango, akangoja kufunguliwa. Muuguzi alimkaribisha chai. Mzee alikuwa anatembea kwa fimbo sasa. Waligombana kidogo kuhusu viatu, wakakaa kibarazani mpaka jua lilipofika miguuni pao. Kaka alipita siku ya pili, akamkuta pale, na salamu yake ilikuwa fupi. Bi Meno akaiitikia kwa ufupi ule ule, bila kusimama.