Fundi wa Mabenchi ya Kanisa Anatafuta Baa

Damien Kagabo, seremala wa Kasenga, fundi wa mabenchi ya kanisa na kiongozi wa kwaya ya Walokole, hakuwahi kuonja bia maishani mwake hata kwa ncha ya ulimi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetwishwa kazi ya kutafuta baa nzuri kuliko zote kando ya Ziwa Tanganyika hapa Uvira. Usicheke bado, maana mwenyewe hakuwa na la kucheka.

Aliyemtwisha ni mapenzi. Damien alimpenda Noella, mwalimu wa shule ya msingi anayekaa Songo, na Noella alimpenda yeye. Hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa Félicien. Baba mzazi wa Noella alishafariki, na neno la mwisho likabaki mdomoni mwa mdogo wa marehemu, huyo Félicien: dereva mstaafu wa malori, Mkatoliki wa bonde la Ruzizi, mtu mwenye tumbo la heshima na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Akina Damien walikwenda kwake kujitambulisha wakiwa wamebeba maziwa ya kwao Rurambo, kule milimani, mazito, ya kuganda. Félicien aliyatazama, akasema kichwa kinamuuma. Wakarudi siku nyingine na chai ya tangawizi katika termosi mbili. Kichwa kikamuuma tena.

"Baba mudogo hana kichwa ya kuuma," Noella alimwambia Damien walipokutana njiani baada ya shule. "Iko na woga. Anasema hivi: batu wenye hawakunywake, siku tukikosana nao, tutapatana na nini? Kwetu batu wakigombana, wanakaa, wanakunywa pamoja, inaisha. Sasa weye na termosi yako, anaona hautaweza kuwa mukwe."

"Basi nifanye nini?"

"Umualike pahali pazuri ku ziwa. Kivuli, samaki, bia yenye anapenda. Akikaa vizuri, ataanza mazungumuzo ya mahari. Lakini siku hii isipoenda vizuri, Damien, hatakuja tena. Kuko mwengine anapiga hodi, na ule anakuja na kreti ya bia."

Huyo mwingine wa kreti alimnyima Damien usingizi kuliko Félicien mwenyewe.

Akaanza msako. Kwa kuogopa macho ya waumini alitembea na mita yake ya useremala mkononi: akikutwa baani, atasema amekuja kupima meza. Hila hiyo haikufika mbali. Kwenye baa ya kwanza kabisa, aliyemletea maji ya kunywa alikuwa mmoja wa waimbaji wake wa sauti ya pili, aproni kiunoni, trei mkononi. Wakatazamana.

"Nimekuja kupima meza," akasema Damien.

"Na minye nimekuja kuzipanguza," akasema yule dada, akaenda zake, na mpaka leo hakuna aliyeligusa tena jambo hilo. Kwenye baa iliyofuata mwenye baa alimwona akipima, akafurahi, akaagiza viti. Damien alitoka pale akiwa na kazi mpya na bila baa.

Nyingine zilizosifiwa sana hakuzikuta. Mnakumbuka ziwa lilivyopanda miaka ile, likameza kuta, vibanda na mashamba ya watu. Damien alielekezwa kwenye paillote moja, baa ya vibanda vya nyasi, ambayo, walisema, wabunge walikuwa wakila hapo. Alifuata njia mpaka njia ikaingia majini. Mbele yake vichwa vya nguzo vilichungulia kidogo, na bango la "Karibuni" lilikuwa likioga. Mvuvi aliyekuwa akipita na mtumbwi akamwambia kwa upole kwamba wamefunga.

Zilizosalia alizipima kwa akili aliyokuwa nayo, yaani akili ya mabenchi. Viti vya plastiki vilivyopasuka miguu hakuvisamehe, kwa sababu alimwaza Félicien na uzito wake. Baa yenye spika kubwa kama kabati la nguo aliikataa, maana utaombaje mke kwa kupiga kelele? Baa yenye mbu aliikataa pia. Baa yenye mandhari ya choo aliikataa kabla ya kukaa. Ikafika mahali wahudumu wa ufukweni wote wanamjua: yule bwana wa mita, anayeagiza maji, anatikisa kiti, anaguna, anaondoka.

Hatimaye, upande wa Kalundu, akaipata ya mama mmoja aitwaye Sabine. Paillote za majani mapya, viti vya mbao ngumu vilivyopangwa mstari ulionyooka, samaki aina ya mikeke wakichomwa juu ya makaa, na muziki wa chini kiasi cha kusikia maji yakigonga mawe. Damien alikaa. Upepo ukampitia shingoni. Kwa mara ya kwanza tangu aanze msako hakutaka kuondoka, na jambo hilo lilimtia hofu kidogo, kama Mlokole anavyopaswa.

"Wageni wako, bia yao ya baridi ao ya moto?" Sabine akamuuliza alipoelezwa juu ya wakwe.

"Bia inapikwa?"

Sabine alimtazama kwa huruma. "Ya moto ni ile haikupita mu frigo, kaka. Wazee wengi iko wanapenda hiyo."

Damien akashukuru. Sasa alijua kila kitu: jina la bia, ubaridi wake, samaki, viti, upepo. Ila jambo moja tu hakuna aliyemwambia, si Noella wala Sabine, kwa sababu ni jambo ambalo kila mtu analijua. Na mambo yanayojulikana na kila mtu ndiyo yanayommaliza mgeni.

Siku ikafika. Baba yake mkubwa, Mzee Bisengimana, mchungaji wa ng'ombe na mzee wa kanisa, aliteremka kutoka Rurambo na fimbo na kofia yake kuja kuusemea upande wa kijana. Alikuwa ameambiwa kwamba wanakwenda mahali pa samaki. Alisimama mlangoni akiitazama chupa kubwa iliyochorwa ukutani.

"Samaki za hapa zinakunywaka sana," akasema, akaingia, akaketi mkao wa mtu anayesubiri basi.

Wageni walikuwa hawajafika. Sabine aliwaletea kreti ya bia za moto, akaiweka mezani, akatoka kufuata makaa. Damien akazitazama zile chupa zilizofungwa, akaona aibu. Kwao mgeni hakuti maziwa bado yanatafutwa. Anakuta yako tayari, chombo kimesafishwa, kimefunikwa, kinamngoja. Kumfanya mgeni akae akiangalia unavyohangaika na vifuniko ni kumdharau. Akatoa koleo yake mfukoni, ileile ya kung'olea misumari, akazifungua zote. Akazipanga mstari, kila kiti na chupa yake, na juu ya kila chupa akafunika glasi safi. Ilipendeza. Hata Bisengimana akatikisa kichwa kukubali.

Félicien akaingia na mkewe Bernardine, Noella nyuma yao, na ndugu wengine wa ukoo wamevaa vizuri. Félicien alikuwa akicheka tangu getini. Akasifu upepo. Akakitikisa kiti, akakisifu. Kisha macho yake yakafika mezani, na kicheko kikakatika.

Hakukaa. Na kwa kuwa hakukaa, hakuna aliyekaa.

"Nani alifungua hizi?" Bernardine akauliza kwa sauti ndogo.

"Minye, mama," akasema Damien, akitabasamu bado, masikini. "Nilizifungua mbele mufike, musichoke."

Noella akafumba macho. Sabine, aliyekuwa anaingia na gunia la makaa, aliliachia chini. "Yesu wangu," akasema.

Niseme wazi kwa faida ya wasiokunywa. Kwenye ufukwe huu wa ziwa, bia hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji. Iwe ni ya bosi, iwe ni ya ndugu yako wa tumbo moja, kifuniko kinatoka ukiwa unaona. Hakuna anayetaja sababu, ingawa kila mtu anamjua mtu aliyekunywa chupa iliyofunguliwa, akalala, asiamke. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka siku ile pia, lakini lilikaa pale mezani chini ya kila glasi, na hata Damien, alipoona namna watu walivyoshika mikoba yao, akalielewa.

"Nilete zingine," akasema Sabine haraka. "Zenye kufungwa."

"Hapana, mama." Félicien hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha. "Si chupa tena. Tuliitwa, tukakuta chupa wazi. Nikikaa hapa, kesho ukoo wangu utaniuliza. Twendeni."

"Félicien," akasema Bernardine, ambaye Mungu ambariki, "mwenye kualika anaonjaka. Desturi iko hivyo. Aonje, tuone."

Watu wote wakamgeukia Damien. Damien akamgeukia baba yake mkubwa. Mzee Bisengimana aliishika fimbo kwa mikono miwili na kutazama ziwa, uso hausomeki. Huyu ndiye aliyempa jina. Kesho angekuwa Rurambo, na kesho kutwa kanisa zima lingejua. Kiongozi wa kwaya halewi akabaki na kwaya. Damien alimwangalia Noella, aliyekuwa ameuma mdomo wa chini ili asilie mbele za watu, na hapo hesabu ikaisha. Akapiga moyo konde, akainua chupa ya kwanza.

Ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Akameza. Akaenda ya pili. Hakujua kwamba kuonja ni kugusisha mdomo tu. Alidhani heshima ni kumeza funda zima, akameza funda zima kila chupa, tena kwenye tumbo ambalo tangu asubuhi halikuingiwa na kitu kwa wasiwasi. Alipofika katikati ya mstari masikio yalikuwa ya moto. Alipopita katikati, ulimi ukafunguka.

"Papa Félicien," akasema, ameshika meza, "minye sijui bia. Nilizunguka muji yote. Nilikunywa maji mpaka nikakuwa kama samaki. Nilifika ku baa yenye iko mu ziwa, ndani, papa, ndani kabisa! Nilitafuta pahali utafurahi. Sikujua mambo ya vifuniko. Kwetu mugeni anakuta iko tayari. Noella, nisamehe. Ile mwengine wa kreti, mumuambie... mumuambie kiti zake hazina nguvu."

"Kiti gani?" akauliza ndugu mmoja.

"Zote," akasema Damien.

Bernardine alikuwa ameanza kutikisika mabega kwa kicheko. Lakini Félicien alibaki amesimama, kwa sababu chupa moja ilikuwa bado: ya mwisho, ya kwake. Damien akainyooshea mkono, mkono ukapita pembeni. Akajaribu tena. Ndipo fimbo ya Bisengimana ikagonga sakafu.

"Inatosha," akasema mzee.

Alisimama taratibu. Noella akajua kwamba imekwisha: sasa ni upande wa kijana unaoondoka. Mzee akamshika Damien bega, akamkalisha kama mtoto. Kisha akavua kofia, akaiweka mezani, akaondoa glasi juu ya chupa ya Félicien.

"Hii ni mutoto wa ndugu yangu," akasema. "Kama kuko kitu mubaya mule, nitarudi mu Rurambo kumuambia mama yake nini? Heri tukufe wote wawili."

Akanywa. Si funda kubwa, lakini lilionekana likishuka kooni. Uso ukamkunjamana kuanzia kidevuni mpaka kwenye upara. Alisubiri kidogo, akajipapasa tumbo kama anayesikiliza, akaona bado yu hai.

"Na hii," akamuuliza Félicien kwa mshangao wa kweli kabisa, "munakunywaka bila kulazimishwa?"

Kwanza alicheka Bernardine, kisha Noella, huku machozi yakimtoka. Félicien alijizuia, akashindwa, na kile kicheko chake kikatoka mpaka wavuvi wakageuza shingo. Akavuta kiti, akakaa. Ukoo mzima ukakaa.

Lakini hakugusa bia yake. Alimwita Sabine, akaagiza Fanta, moja, iliyofungwa. Ilipoletwa aliomba kifungulio, akaifungua mwenyewe mbele ya macho ya Bisengimana, polepole, ili mzee aone kifuniko kinavyotoka. Akaiinua, akanywa funda zito, akakunja uso kwa ule utamu, kisha akampa mzee kwa mikono miwili.

"Kunywa, mukwe," akasema. "Na sasa tuambie juu ya ng'ombe."