Gogo Ndani ya Sufuria ya Mama

Tangu serikali ichukue nyumba yetu ya kupangisha, mume wangu Ratilal hatulii. Mara anasogeza tangi la samaki mbali na jua la dirishani, mara analirudisha, mara anasugua utando wa kijani kwenye kioo kwa mswaki. Mimi nilikwishaamua: Ijumaa tunapanda treni, tunahamia kwa kaka yangu. Fundi Yahaya wa Isevya alitutengenezea kasha la mbao, nikapakia vyombo vyote. Cha kwanza kilikuwa sufuria ya dengu niliyopewa na mama nilipoolewa.

Leo Yahaya alikuja kupigilia kifuniko, akakuta kasha limepekuliwa. Nikakimbilia jikoni. Ndani ya sufuria ile, katika jiko letu la wasiokula nyama, ambalo hata yai haliingii, lilikuwa linachemka gogo la ndani ya tangi la samaki, lile Ratilal aliloliokota kando ya mto Ugalla miaka kumi iliyopita. Maji yalikuwa na rangi ya chai.

"Baba Mansukh, una wazimu? Sufuria ya mama!" nilimfokea mume wangu, aliyeinamia jiko.

"Likichemka vizuri," alijibu bila kugeuka, "halioti utando mpaka mvua zijazo."

"Mvua zipi? Leo Jumatano!"

Aliligeuza gogo kwa mwiko wangu.

Yahaya alisimama mlangoni, nyundo mkononi. "Mama, nipigilie kifuniko?"

Niliitazama sufuria. Baada ya maji ya samaki, dengu haitapikwa humo tena, si hapa wala kwa kaka.

"Kivunje kiwe kuni," nikamwambia. "Huoni moto unakufa?"